Kabla ya jedwali, uliza saa

*Almanaki ya mabaharia ya Uingereza ya 1896 naipata wapi? (Mkoani)*

Kitabu hicho cha majedwali ya jua, mwezi na nyota kiko mtandaoni, bure. Maktaba za mtandaoni za Internet Archive na HathiTrust zina nakala nyingi za zamani. Andika Nautical Almanac na mwaka. Mwaka unaoutaka ni wa jedwali, si wa kupigwa chapa. Zilichapwa mapema, mabaharia waondoke nazo safari ndefu.

*Nimetafuta mwezi ulikuwa wapi asubuhi ya 27 Agosti 1896, mizinga ilipolipiga kasri la Sultani. Kitabu na programu ya simu vimepishana digrii 6 na zaidi. Kitabu kimekosea? (Mji Mkongwe)*

Hakikukosea. Hili nimeshalijibu mara nyingi, na bado watu wanasoma tarakimu wasisome maelezo ya mwanzo wa kitabu. Hadi mwisho wa 1924, siku ya wanafalaki ilianza adhuhuri, ili usiku mmoja wa kutazama nyota usikatwe tarehe mbili.

Twende nayo pole pole. Mizinga ilianza kama saa 3 asubuhi. Zanzibar iko digrii 39 na dakika 12 mashariki, kwa hiyo saa ya hapa iliitangulia ya Greenwich, Uingereza, ambayo ndiyo saa ya kitabu, kwa saa 2 na dakika 37. Toa hizo: Greenwich ilikuwa saa 12 na dakika 23 alfajiri. Kwenye kitabu, siku ya tarehe 27 bado haijaingia. Mstari wako ni tarehe 26, saa ya 18 tangu adhuhuri, dakika ya 23. Wewe umesoma tarehe 27, saa ya 6, umechelewa nusu siku, na nusu siku mwezi huenda digrii 6 au 7.

*Jedwali litaniambia mwezi utaandama lini?*

Litakwambia mwezi na jua vinakutana saa ngapi. Kuonekana ni jambo jingine, na msitangaziane Idi kwa jedwali.

*Nyota yangu ni ipi?*

Hapa hatupigi ramli. Msiniandikie tena.

*Karatasi ya babu inasema alizaliwa "usiku wa Ijumaa, saa 4". Nisome siku gani? (Wete)*

Alhamisi. Wazee wetu siku yao iliingia magharibi, na usiku ulitangulia mchana wake. Saa 4 ya usiku nayo ni saa ya 10 kwa hesabu ya kitabu cha hadi 1924, na saa ya 22 kwa cha kuanzia 1925. Ukimaliza hapo, toa zile saa 2 na dakika 37, usitoe 3. Saa 3 kamili ni ya Afrika Mashariki ya leo. Na karatasi yenyewe usiibandike gundi wala plastiki. Ipige picha pande zote mbili, uihifadhi pakavu.