Pip imesakinisha requests, lakini Python haiioni
Ndugu, pip (zana ya kusakinisha moduli za Python) ikisema imesakinisha requests, moduli ya kuwasiliana na tovuti, halafu programu inalia ModuleNotFoundError, yaani moduli haikupatikana, mara nyingi una Python mbili kwenye mashine: pip ni ya moja, wewe unaendesha nyingine. Andika `python3 -m site` uone folda ambazo Python yako inazipekua, kisha `pip --version` ikuonyeshe pip inakaa wapi. Kama folda hiyo haimo kwenye orodha ya kwanza, umempata mchawi.

Sakinisha kwa `python3 -m pip install requests`, moduli iende kwa Python ileile unayoiendesha. Bora zaidi, kila mradi upe mazingira yake (venv), yaani folda yenye moduli za mradi huo pekee: `python3 -m venv .venv`, halafu `source .venv/bin/activate`. Moduli zote zitaingia ndani ya `.venv`, na mambo yakiharibika unafuta folda hiyo tu na kuanza upya.

Tafadhali sana, usitumie `sudo pip`, yaani pip kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine. Kwenye mifumo ya Linux kama Debian na Ubuntu kuna zana za mfumo zinazotegemea Python hiyohiyo. Ndiyo maana Debian 12, ya 2023, inakukatalia kusakinisha kwa pip nje ya venv, kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`. Usiilazimishe kwa `--break-system-packages`. Venv ikigoma kuundwa, sakinisha kwanza `python3-venv` kwa apt, kisakinishi cha mfumo wenyewe.