Andika Ulichokuwa Ukifanya Kila Siku

Nilitunza stoo kwa miaka 9. Nilipopewa barua ya kupunguzwa kazini, niliamini kabisa kwamba ninachokijua ni stoo ile tu. Miezi miwili nikawa natuma maombi kila nilipoona tangazo lenye maneno "mtunza stoo". Sikujibiwa hata mara moja.

Kilichonikwamua ni daftari. Jioni moja nilikaa nikaandika siku yangu ya kazi tangu kufungua mlango hadi kufunga: kupokea mzigo na kuulinganisha na hati yake, kukataa katoni zilizolowa, kupanga bidhaa ili iliyotangulia kuingia itangulie kutoka, kuhesabu mali mwisho wa mwezi na kufuatilia upungufu umetokea wapi, kumwelekeza kijana mgeni, kumtuliza dereva aliyechoka kungoja. Kurasa 3 zikajaa. Kumbe mambo hayo yanahitajika kwenye duka la dawa, jiko la hoteli, hata shule ya bweni, ila huko hayaitwi kazi ya stoo.

Nawe andika vitendo. Ukisema "msimamizi wa mali", mwajiri haoni kitu. Ukisema ulihesabu bidhaa ngapi, mara ngapi, na ulifanya nini hesabu ilipokataa, anakuona ukiwa kazini. Idadi ziwe za kweli, maana utaulizwa.

Kisha watafute watu waliowahi kukuona ukifanya kazi. Hapa ndipo aibu iliponichelewesha. Wasambazaji waliokuwa wakiniletea mizigo walinijua vizuri, nami nikawa nawakwepa wasijue nimeachishwa. Siku nilipompigia mmoja wao sikumwomba kazi. Nilimweleza yaliyonipata, nikamuuliza ni mteja wake yupi anayesumbuliwa na hesabu za mali. Akanielekeza kwa mama mmoja mwenye duka la vipuri.

Nilimwomba mama yule anipe rafu moja nimhesabie, kwa malipo ya siku moja. (Kazi ya bure ya wiki nzima kwa jina la majaribio siipendekezi kwa mtu yeyote, hasa asiye na kipato.) Rafu ile ilikuwa na vifaa vilivyonunuliwa mara mbili, kwa kuwa daftari lake liliviandika kwa majina mawili tofauti. Nilipomwonyesha alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza duka zima litachukua siku ngapi.