Nina alama ya Q tayari, sasa huyu wa Dubai anataka COC ya nini tena?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nasaga karanga hapa Mbale, natengeneza siagi ya karanga chupa za gramu 400, na alama ya ubora ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ninayo. Kastoma wangu wa Nairobi anachukua mzigo bila maneno mengi. Sasa nimepata mwingine Dubai, ananiambia niandae COC kabla sijapakia. Kuna jamaa Kampala anasema atanitolea hiyo COC kwa siku mbili, nimlipe kwa dola, hata mzigo hahitaji kuuona. Je, Q haitoshi? Na huyu jamaa nimpe kazi?

JIBU: Dada, huyo jamaa achana naye kabisa. COC, yaani cheti cha ulinganifu, ni mtu anaweka sahihi kwamba mzigo huu, batchi hii, umekaguliwa na kupimwa ukalingana na kiwango fulani, sasa asiyeuona mzigo atasaini nini? Vyeti hivi vina namba na namba inaulizwa kwa aliyekitoa, wakikosa rekodi mzigo unalala bandarini na gharama za kuulaza zinakuja kwako na kwa kastoma wako, jamaa mwenyewe simu haishiki tena.

Q ni kitu kizuri ila ina mipaka yake. UNBS walikuja kiwandani, wakaangalia usafi na mashine na lebo, wakachukua sampuli wakapima, ndo wakakupa kibali cha kutumia alama. Kibali hicho ni cha bidhaa yako kwa ujumla, sio cha katoni unazopakia wiki hii. Na nguvu yake nje ya Uganda inatoka kwenye sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006, ile watu wanaita SQMT, inayotaka nchi wanachama zitambue alama za ubora za wenzao, ndiyo maana wa Nairobi hakusumbui. Hata huko usijisahau lakini, Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi yetu na ya Tanzania kwa ajili ya aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu, na ilipofungua siku chache baadaye ikadai kila mzigo uje na cheti kinachoonyesha haujazidi ppb 10, yaani sehemu 10 za sumu katika sehemu bilioni moja. Kwa hiyo jirani naye siku akiamua anaweza kudai karatasi ya mzigo.

Dubai haiko kwenye hiyo sheria, kwao Q ni ushahidi kwamba una kiwanda cha kueleweka, basi. Ila hapo kwenye neno COC ndipo watu wanapotea, maana wanunuzi wanalitupa ovyo. Kuna anayesema COC akimaanisha ripoti ya maabara ya batchi, mwingine anataka cheti cha afya kutoka serikalini, mwingine anataka kweli kampuni ya ukaguzi ije stoo kwako ihesabu katoni na kuchukua sampuli kabla ya kupakia. Ni kazi tatu tofauti na bei tatu tofauti! Kwa hiyo kabla hujalipa mtu shilingi moja mwandikie, kwa imeili sio kwa simu, muulize mzigo utapimwa kwa kiwango gani, cheti kinatakiwa na mamlaka gani ya kwao au ni yeye mwenyewe anataka, na kitolewe na nani ndo kikubalike. Akikutajia kampuni kama SGS, Intertek au Bureau Veritas, zote ziko Kampala, unaenda mwenyewe ofisini bila dalali. Kule Dubai chakula kinasajiliwa pamoja na lebo yake, hiyo ni kazi ya mwagizaji, wewe mtumie picha ya lebo mapema kabla hujachapisha maelfu, maana wanataka Kiarabu, na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha zote mbili.

Na ukisikia mtu anakwambia ujisajili SABER, huo ni mfumo wa Saudia wa vyeti vya bidhaa na chakula hakipiti humo, chakula chao kiko kwa SFDA, mamlaka yao ya chakula na dawa. Wanaouza hizo huduma hapa mjini wanachanganya makusudi, au hawajui, sijui kipi kibaya zaidi.

Sasa tuje kwa chenyewe. Karanga shida yake ni aflatoksini na kila cheti utakachoomba kitaishia hapo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu jumla ya ppb 10, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Ulaya kwa karanga za kuliwa moja kwa moja ni 4 na 2, Marekani wanachukua hatua ikizidi 20. Chupa yako ileile yenye jumla ya ppb 7, B1 ikiwa haijazidi 5, ni halali Nairobi, Ujerumani inarudishwa au inateketezwa. Ndo maana ripoti inayosema tu "imepita" haina maana, unataka iandikwe namba, mbinu ya kupimia na kiwango kilichotumika. Maabara iwe na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, na uangalie kwenye orodha ya ithibati yao kama kipimo cha aflatoksini kimo, kuna maabara ina ithibati ya maji tu halafu inakuonyesha cheti kikubwa ukutani.

Kukaanga hakuiondoi, sumu hii inavumilia moto wa jikoni. Inaondolewa mezani kwa kuchambua, zile zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zote nje, na usiziuze kwa muuza karanga wa jirani. Muulize pia anayekuletea anamenya vipi, wapo wanaonyunyizia maji maganda ili yamenyeke haraka kwa mkono, halafu karanga mbichimbichi zinafungwa kwenye gunia, ukungu unataka nini zaidi? Nunua za kumenywa kavu hata kama zimeongezwa bei. Sampuli nayo usichote juu ya gunia moja, sumu haikai sawasawa, gunia moja linaweza kuwa safi na la pili likaharibu batchi nzima, chota kidogo kidogo magunia mengi, changanya, ndo upime kabla ya kusaga. Ukisaga ukapima ikakataa umeshapoteza karanga, gesi na chupa.

Karatasi zenyewe hazina uchawi ila zinakwamisha kuliko maabara. Kuna mteja wangu invoisi yake iliandika siagi ya karanga, ripoti ya maabara ikaandika karanga za kusagwa, na namba ya batchi ikakosa tarakimu moja, bidhaa ni ileile lakini mpokeaji akakataa mpaka zikatolewa upya. Jina la kampuni liwe lile ulilosajili URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, herufi kwa herufi, namba ya batchi iliyo kwenye chupa ndo iwe kwenye ripoti, invoisi na orodha ya upakiaji, na namba ya forodha ya kutambulisha siagi ya karanga inaanzia 2008.11. Cheti cha fito, yaani cha afya ya mimea, cha wizara ya kilimo ni cha karanga ghafi, ya kusagwa kwa kawaida haikihitaji, muulize tu mwagizaji athibitishe. Ukitumia paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kwamba mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu, fundi wa mtaani hana huo muhuri.

Batchi ya Dubai itengeneze peke yake, usiichanganye na ya Nairobi, na usiitengeneze kabla imeili yake haijajibiwa. Akishindwa kukutajia kiwango wala mamlaka, mwombe malipo ya awali yanayofunika gharama za maabara, hapo utajua kama kweli ananunua.