Eti wake za watu walikaa tu nyumbani wakati wa vita?

Kaka hapo juu unasema wakati wa vita wake za watu walikuwa wamekaa tu wanasubiri barua, sio kweli bana. Vita ya Pili ya Dunia, Uingereza Desemba 1941 walipitisha sheria ya kuwaita jeshini au viwandani wanawake wasioolewa wa miaka 20 hadi 30, walioolewa hawakuitwa jeshini ila wengi walienda kazini hivyo hivyo, na Marekani ndo kipindi hicho wafanyakazi wanawake walioolewa wakawazidi wasioolewa kwa mara ya kwanza. Mtihani ukawa mtoto abaki na nani, tena ukitoka shifti maduka yashafungwa.

Hapa kwetu ulizia vita ya Kagera, 1978. Babu yangu alikuwa mgambo, alivyoondoka bibi akabaki Temeke na watoto wanne akaanza kukaanga maandazi, saa tisa usiku anakanda unga mdogo kamfunga mgongoni na kanga, wengine kaachiwa dada mkubwa (ndo mama yangu, mpaka leo maandazi hagusi 😂). Babu anarudi anakuta mke ana hela zake kwenye kopo, akamwambia sasa acha biashara. Hakuacha ng'o.