Redio imemtangaza dada yangu kuwa mwizi, tuanzie wapi? (jibu langu kwa mleta mada)

Mkuu mleta mada, pole sana, na mfikishie dada pole zangu. Umesema redio imemtangaza huko Nachingwea kuwa kala fedha za kikundi cha akina mama, wakati hesabu zenyewe hazijakaguliwa. Wachangiaji wengi hapo juu wamekwambia ukimbilie kwa mkuu wa wilaya. Mimi nakusihi usianzie huko. Anzeni kwa mhariri wa kituo, na mwende na barua.

Yalinikuta. Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha korosho huku Tandahimba. Msimu mmoja baadhi ya wakulima walichelewa kulipwa baada ya mnada kwa sababu namba zao za akaunti zilikosewa kuandikwa. Redio moja ikasoma kwenye taarifa ya saa moja asubuhi kwamba karani, kwa jina langu kamili, ametokomea na fedha za wakulima. Saa hiyo mimi niko ghalani napima mzigo, na simu yangu iko hewani. Hakuna aliyenipigia. Mama aliisikia habari hiyo akiwa msibani, mbele za watu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kesho yake nikaenda kituoni na hasira tupu. Mapokezi wakaniuliza: kipindi gani, saa ngapi, maneno gani? Sikuwa na jibu la uhakika, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuisikia. Nikarudi kijijini, nikawafuata watu watatu walioisikia, kila mmoja peke yake, nikaandika walichokumbuka. Watatu wote walilitaja neno "ametokomea".

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Tarehe, saa, maneno yaliyosomwa, ukweli wenyewe, na nakala ya orodha ya akaunti zilizorudishwa na benki. Mwisho nikaomba jambo moja tu: masahihisho yasomwe kwenye taarifa ileile, saa ileile. Nakala yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, ukipanda ngazi ya juu utaambiwa hukuwahi kulalamika.

Siku ya sita meneja akanipigia. Mwandishi alikuwa amechukua maneno ya mkulima mmoja mwenye hasira, basi. Akanikaribisha kwenye kipindi cha usiku nijieleze. Nikakataa. Walionisikia natukanwa saa moja asubuhi wako mashambani na mapema wamelala, hao wa usiku ni wengine. Wakakubali, wakasoma masahihisho na kuomba radhi asubuhi. Wapo ambao mpaka leo hawakuyasikia, lakini mama aliyasikia.

Kituo kikikataa au kikikaa kimya, redio na televisheni ziko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na malalamiko ya vipindi husikilizwa na Kamati ya Maudhui. Ina meno. Januari 2018 vituo vitano vya televisheni vilipigwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60. Kwa hiyo tafakarini mnachokitaka. Mimi sikutaka redio ile ifungiwe, maana ndiyo inayotutangazia bei za mnada. Nilitaka jina langu.

Ingekuwa gazeti, mlango ni Baraza la Habari Tanzania, MCT, lililoanzishwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995. Hupokea na ya redio pia. Linawakalisha pande mbili na kusuluhisha, na linaweza kutaka uombwe radhi, ila nguvu yake ni ridhaa ya chombo chenyewe, haliwezi kukifungia. Mahakamani nako kupo, kwa madai ya kashfa, na ukomo wake ni miaka 3. Kwa mtu wa kijijini ni nauli, wakili na kuahirishwa. Chagueni kati ya usuluhishi na kesi, msiende kote kwa pamoja.

Dada aandike kwa jina lake mwenyewe, wewe msaidie tu maneno. Na leo hii watafuteni walioisikia, kabla hawajasahau saa. Kama kuna aliyeirekodi kwenye simu, asiifute. Mkishaandika, iwekeni barua hapa mkiwa mmefuta majina, nitaisoma neno kwa neno kabla hamjaipeleka.