Maswali ya Wafugaji: Fidia ya Korona Marekani

SWALI: Nafuga mbuzi hapa Kentucky. Jirani ananiambia fidia ya korona ilikuwa ya wenye ng'ombe na mahindi tu. Je, sikuwa na changu?

JIBU: Ulikuwa nacho, ila dirisha la awamu ya pili ya CFAP, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwafidia wakulima na wafugaji walioathiriwa na korona, lilifungwa tarehe 12 Oktoba 2021. Mbuzi hawakulipwa kwa kichwa kama ng'ombe. Kilichoangaliwa ni mauzo yako ya mwaka 2019, na kwa mauzo yasiyofika dola 50,000 ulilipwa asilimia 10.6 ya mauzo hayo. Aliyeuza mbuzi wa dola 12,000 alipata dola 1,272. Ikiwa 2019 mauzo yalikuwa haba, marekebisho ya Agosti 2021 yalikuruhusu kutumia ya 2018. Aliyeanza kufuga 2020 alitumia mauzo yake ya mwaka huo hadi siku aliyoomba. Mbuzi wa kuzalishia waliondolewa kwenye hesabu. Na kama uliuza nyama iliyotayarishwa, uliandika thamani ya mnyama peke yake.

Mfugaji alipiga simu ofisi ya kaunti yake ya FSA, wakala wa Wizara ya Kilimo unaohudumia wakulima, kisha akajaza fomu ya maombi AD-3117. Maombi mengi hayakukwama kwenye fomu hiyo. Yalikwama kwenye zilizoambatana nayo: CCC-902 inayoeleza shamba linaendeshwaje na nani, CCC-941 ya kuthibitisha kipato, AD-1026 ya hifadhi ya udongo na ardhi oevu, na SF-3881 ya akaunti ya benki. Ilipokosekana moja, malipo yalisimama hata kama ombi lilikuwa safi. Mkazi halali wa kudumu alistahili sawasawa na raia. Kiingereza kilipokusumbua, uliweza kuomba mkalimani. Ilikuwa haki yako na ilikuwa bure. Hukuhitaji kumlipa mtu akujazie.

SWALI: Nilikuwa na ng'ombe 40 mwezi Mei 2020, nikanunua 10 Julai baada ya kuuza 15 Juni. Je, nilipaswa kuandika 50 kwenye ombi la awamu ya pili?

JIBU: Hapana. Wengi walijumlisha kila mnyama aliyepita zizini, na hilo ndilo kosa lililowarudisha ofisini kulipa deni pamoja na riba. Ulitakiwa kuchagua siku moja kati ya 16 Aprili na 31 Agosti 2020, siku uliyokuwa na wengi kuliko zote. Kwako ilikuwa Mei: 40. Kisha uliondoa mama wa kuzalia na dume. Tuseme walikuwa 26. Walibaki 14, kila mmoja dola 55, jumla 770. Tunajua inauma, maana mama ndio mtaji wa mfugaji. Lakini awamu hii ilimlenga mnyama wa sokoni, aliyepoteza bei machinjio yalipofungwa kwa sababu wafanyakazi waliugua.

Hesabu yako ilitakiwa kuwa na ushahidi wa siku hiyo: risiti za mnada, kumbukumbu za chanjo, daftari la kuzaa. Vilitakiwa kutunzwa miaka mitatu tangu ombi liidhinishwe, kwani wakaguzi waliweza kuviitisha.

SWALI: Aprili 2021 niliona pesa benki ambazo sikuziomba. Nizirudishe?

JIBU: Kama uliomba awamu ya kwanza kwa ng'ombe, huenda ni nyongeza iliyotoka bila ombi jipya, kwa wanyama uliowaandikisha kuwa ulikuwa nao kati ya 16 Aprili na 14 Mei 2020. Ng'ombe wa kunenepesha chini ya ratili 600 waliongezewa dola 7. Waliofikia uzito huo au kuuzidi, dola 25.50, walionenepeshwa tayari kwa kuchinjwa, dola 63, wakubwa wa kuchinjwa, dola 14.75, wengine wote, dola 17.25. Zidisha kwa idadi uliyoandikisha. Ikilingana, ni zako. Isipolingana, uliza FSA kabla hujazigusa.

SWALI: Fedha hizi zinakatwa kodi?

JIBU: Ndiyo, ni mapato ya shamba. Aliyelipwa aliletewa fomu 1099-G, ya malipo kutoka serikalini. Kiasi hicho kiliandikwa kwenye Schedule F, fomu ya kodi ya mapato ya shamba, mstari wa 4, katika mwaka uliopokea fedha, si mwaka uliopata hasara.