Bia haigemwi

SWALI: Assalamu alaykum, mwalimu. Nafanya kazi katika baa ya hoteli huku Nungwi. Mkubwa wetu wa kazi kaandika kwenye menyu: "Bia ya kugemwa na kitafunwa cha Kijerumani." Bia yenyewe ni ile ya viwanda vidogo, na hicho kitafunwa ni pretzeli. Mimi nasema bia haigemwi, tena neno ni kitafunio, na kitafunio ni cha chai. Nani mkweli kati yetu?

JIBU: Waalaykum salaam. Kwenye kugema umeshinda wewe. Kugema ni kazi ya juu ya mnazi: mgema hukwea na kotama yake, akakata ncha ya karara changa, akatungika kibuyu, utomvu ukadondoka wenyewe. Bia inatoka jikoni. Shayiri huroweshwa ikachipua, ikakaushwa, ikasagwa, ikatiwa maji ya moto, kisha maji yale yakachujwa na kuchemshwa na hopsi, yale maua ya kutia uchungu, kabla ya kutiwa hamira. Kazi yote hiyo kwa Kiswahili ni kupika. Pombe hupikwa, kiwanda kiwe kikubwa au kidogo. Na msije mkakimbilia "bia ya ufundi", maana hata viwanda vikubwa vina mafundi. "Bia ya kiwanda kidogo" inatosha.

Na kama mnauza tembo, angalieni upatanisho: tembo limekwisha, si amekwisha. Wazee walisema "mgema akisifiwa tembo hulitia maji". Wangesema humtia, mgema angekuwa na kazi na ndovu.

Kwenye kitafunwa, lakini, mkubwa wako hana kosa. Maneno yote mawili yanatumika. Kitafunwa kimetokana na kutafunwa: chochote kiendacho chini ya meno, hata pekee yake, kama chipsi za muhogo unazokula huku unatembea Forodhani. Kitafunio mimi nakisikia ndani yake kutafunia, kama kimbilio lilivyo na kukimbilia. Kutafunia kunataka mwenzake, naye ni kinywaji. Sikiliza nyumba zetu asubuhi: "Leo tunanywea nini chai?" Jibu ni vitumbua, mandazi, au muhogo wa kuchemsha. Hivyo ndivyo vitafunio, na ndiyo maana ukadhani ni mali ya chai tu. Mbona kahawa ya Jaws Corner, kile kijiwe cha Mji Mkongwe, ina kashata na halua, na hakuna anayelalamika? Basi pretzeli mbele ya bia ni kitafunio chake. Sarufi haiulizi kilichomo ndani ya gilasi. Hilo aulizwe shekhe. Nikichagua, kwa hapo baani nachagua kitafunio. Kitoweo msikiguse, hicho ni cha wali.

Pretzeli iacheni na jina lake. Ni unga wa ngano uliopigwa fundo, ukachovywa katika maji makali ya aina ya magadi kabla ya kuokwa, ndiyo maana ganda lake likawa la hudhurungi linalong'aa, na juu chumvi ya chenga. Ukiita mkate, mgeni atangoja siagi na chai ya maziwa. Semeni pretzeli hii, pretzeli hizi.

Menyu iandikwe hivi: "Bia ya kiwanda kidogo, na pretzeli ya kutafunia."